Miaka Yangu ya Kufunga Sefu za Bunduki

Vijana wangu wa karakana,

Siku ile mliponikatia keki mlitaka nihutubie. Nikasema asanteni, nikaketi, mkacheka hadi mmoja wenu akanimwagia soda. Sasa nimestaafu, mgongo umepata nafuu kidogo, na mke wangu Mama Neema amechoka kunikuta sebuleni nikigongagonga kuta za nyumba ya kupanga kusikiliza kama ni imara. Ameniambia, "Deo, andika basi, uwaachie watu kuta zao." Kwa hiyo naandika. Mishahara sitaitaja, haina habari. Vyeo pia tuviache. Kwetu palikuwa na vyeo viwili tu, Anko Siva na wengine wote.

Nilianza mwaka 2008. Kule Uvira nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, lakini Durban nilifikia kazi ambayo Wakongo wengi tulifikia: kulinda magari ya watu South Beach, nimevaa kizibao cha kung'aa, namwonyesha dereva namna ya kurudi nyuma kana kwamba yeye hana macho. Siku moja akaja mzee wa Kihindi na gari la mizigo lisilo na maandishi, mlango wa nyuma ameufunga kwa kamba. Nikamwambia, "Anko, kitasa chako kizima. Bawaba ndiyo imelegea." Durban mzee yeyote wa Kihindi ni Anko. Akanitazama juu na chini.

"Wewe Kongo?"

"Kongo, ndiyo."

"Huko Kongo mnajua bawaba?"

"Tunajua, Anko. Milango tunayo."

Alicheka, akanitupia spana. Nilipomaliza aliufunga ule mlango, akaufungua, akaufunga tena, kisha akaitupa kamba kwenye pipa la taka. "Kesho uje kazini," akasema. Hakuniuliza karatasi zangu kabla ya kuniuliza kama nimekunywa chai. Huyo ndiye Anko Siva, na mpaka leo nikimkumbuka nasema Mungu ambariki mzee yule.

Kazi yenyewe mnaijua, ila ninyi mmeikuta imetulia. Miaka ile sheria ya silaha bado ilikuwa kidonda. Mwenye bunduki alitakiwa afanye mtihani, aombe leseni, airudie kila baada ya miaka kadhaa, na bunduki ikae ndani ya sefu iliyofungwa kwa bolti, polisi waje waione kwa macho. Sisi ndio tuliozitengeneza hizo sefu na kwenda kuzifunga majumbani. Kwa hiyo watu waliponuna kwa sababu ya serikali, waliotangulia kununiwa ni sisi.

Siku ya kwanza sikupewa drili. Nilipewa pampu ya baiskeli. Anko Siva alitoboa, na kazi yangu ilikuwa kuingiza mdomo wa pampu ndani ya tundu na kupuliza vumbi lote litoke, kwa sababu bolti ya kutanuka ikikutana na vumbi haishiki ukuta, inashika vumbi. Nilirudi nyumbani mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, Mama Neema akaniuliza kama nimeajiriwa kwa mwoka mikate. Mkinicheka kwamba natembea na pampu kwenye begi, jueni imetoka huko. Kuna sefu nilizofunga miaka hiyo ambazo ng'ombe wawili hawawezi kuzing'oa.

Somo la pili lilikuwa kugonga ukuta kwa vifundo vya vidole. Ukuta mzima unajibu kwa sauti fupi. Ukuta mbovu unajibu kama debe. Somo la tatu ndilo lililokuwa kazi hasa, na Anko Siva alinifundisha ndani ya gari, injini imezimwa.

"Umeona gari letu halina jina?"

"Nimeona."

"Ovaroli zetu hazina jina. Sefu tunaifunika blanketi, jirani akiuliza tunasema ni friji. Unajua kwa nini?"

Nikasema labda anaogopa kodi. Aliniambia nisiwe mjinga. Mwizi wa mji huu, akasema, akiingia nyumbani kwa mtu hatafuti televisheni, anatafuta bunduki. Na anayejua bunduki ziko wapi, chumba gani, nyuma ya kabati gani, si polisi. Ni fundi. "Ukimaliza kazi, ile nyumba huijui. Ukipita mbele yake na mkeo Jumapili, huijui. Mkeo akisema ua lile zuri, wewe unasema ndiyo, zuri, nyumba ya nani sijui."

Mwaka ule ule wageni walikuwa wamepigwa na kuchomewa mali katika miji ya nchi hii, wengine tuliwafahamu. Na huyu mzee alikuwa ananikabidhi mimi, mgeni, siri ya nyumba zote za mtaa wa Berea. Sijawahi kuheshimiwa namna ile. Nilimjibu "sawa, Anko" tu, nikashuka kushusha vifaa.

Mwenyewe Anko Siva aliichukia sheria ile. Asubuhi aliitukana akisikiliza redio, mchana akaenda kuwafungia watu sefu walizonunua kwa sababu yake. Watu walipiga simu redioni wakilia kwamba majambazi hawaombi leseni, kwamba serikali inawavua nguo watu wema. Wengine walikuja mpaka karakana kutupigia kelele, kana kwamba bunge ni sisi. Nilijifunza kuendelea kuchomelea mtu akiwa ananifokea. Ile miwani ya kuchomelea inasaidia sana, mtu akishindwa kuyaona macho yako anachoka haraka.

Kuna kazi moja ya Glenwood siisahau. Nyumba kuukuu, vyumba vyote vimepangishwa wanafunzi, mwenye nyumba mwalimu mstaafu aliyerithi bastola ya marehemu mumewe. Niligonga kuta zote, zote debe. Ikabidi tuifunge sakafuni chini ya ngazi, mimi nimelala kifudifudi, na juu ya kichwa changu mama na mwanawe wanagombana. Mtoto anasema sheria hii ni ya kutunyang'anya haki zetu. Mama anasema, "Ndani ya nyumba hii wanaingia wanafunzi wanane na marafiki zao nisiowajua, haki yangu ni kulala." Mtoto akaendelea kuhutubia. Mama akamwambia, "Basi haki zako zisubiri, mshikie fundi sefu isiyumbe." Na aliishika, masikini, huku anaipinga.

Lakini mpinzani wa wapinzani wote alikuwa Mister Colin wa Morningside. Mhandisi wa bandari aliyestaafu, mjane, nyumba kubwa yake peke yake, getini amebandika karatasi za kuipinga sheria hadi kengele haionekani. Sebuleni kwake viti vilipangwa kama kanisani. Huko walikutana wenye bunduki kuchangia mawakili na kuandika malalamiko. Nilimfungia sefu chumba cha nyuma, naye akasimama nyuma yangu akiitukana kila bolti kwa cheo cha waziri mmoja. Ya kwanza alikuwa waziri wa polisi, ya pili wa sheria. Ya tatu na ya nne sikuwafahamu.

"Wewe umetoka Kongo," akaniambia. "Wewe ungenielewa kuliko wote. Mtu asiye na silaha ni nyama."

"Nakuelewa, Mister Colin. Ndiyo maana nakaza sana."

Alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo, kitasa kikigoma, bawaba ikilia, aliita "yule Deo." Alinikarimu chai na biskuti ngumu, akanihubiria. Sikuwahi kukubaliana naye hata siku moja, na sikuwahi kutoka kwake bila kucheka.

Mahakama ilipoamua kwamba wenye leseni za zamani waachwe kwanza mpaka kesi yao iishe, Mister Colin alifanya sherehe, na sisi karakana tukapiga miayo. Oda zilifutwa. Anko Siva, aliyeiombea sheria ife, alikaa mlangoni anatazama barabara. Nilimwambia, "Anko, dua zako zimejibiwa." Alinirushia kitambaa cha grisi. Baadaye serikali ikatoa msamaha, watu wakarudisha bunduki zisizo na karatasi polisi bila kushtakiwa, na walioamua kubaki na zao wakakumbuka sefu. Tukaendelea hivyo, mwaka wa njaa, mwaka wa shibe, mpaka mzee akastaafu na kuniachia funguo za karakana.

Sasa nifike mwaka 2015, maana ndio mlioniuliza kila siku nikawajibu nina kazi.

Baada ya Pasaka watu walianza tena kuwawinda wageni mjini. Maduka yalivunjwa mchana kweupe. Sisi tulikaa ghorofani South Beach, lifti mbovu, jengo limejaa Wakongo na Warundi, na kila aliyepanda ngazi alileta habari mbaya kuliko aliyetangulia. Pacifique, mtoto wa dada yangu, niliyemlea tangu akiwa mdogo, alikuwa anauza na kutengeneza simu karibu na mtaa wa Point. Duka lao lilivunjwa, naye akaponea mlango wa nyuma. Asubuhi iliyofuata alinifuata kwenye ngazi na vijana wenzake wawili.

"Tonton," akasema, ndivyo anavyoniita mjomba wake, "minaomba kitu moja. Nyumba moja tu. Iko nyumba nyingi unajua. Tuonyeshe moja."

Nikajifanya sikuelewa.

"Unajua kwenye bunduki ziko! Miaka yote unazifungia wazungu. Hawa watu banarudi, Tonton. Batatuchoma na watoto ndani. Moja tu, tukae nayo mlangoni."

"Siijui nyumba yoyote."

"Unawalindia wazungu bunduki zao, sisi tukufe?"

Hilo lilinichoma. Nikamwambia mbele ya wenzake jambo tulilokuwa hatulisemi. Baba yake, shemeji yangu Zacharie, alitafuta bunduki kule Uvira alinde nyumba yake. Habari ikaenea kwamba Zacharie ana bunduki. Waliokuja usiku ule hawakuja kwa ajili ya mbuzi wala redio, waliifuata ile bunduki. Wakaichukua, wakamchukua na yeye, na hatukumwona tena.

"Ile bunduki ndiyo iliyowaleta, Paci."

"Hapana," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Alikuwa na moja. Angekuwa na tano basingemuchukua."

Akashuka ngazi bila kuniaga. Nilisimama pale nimeshika ukuta. Niliogopa wale wa nje, lakini zaidi nilimwogopea yeye, maana niliona amekwisha kuamua, na kama si kwangu angeitafuta kwingine, apigwe risasi na polisi au na wale wale. Nilikuwa nampoteza mtoto wa dada yangu kwa sababu ya neno moja ambalo kulitaja kulikuwa rahisi sana.

Mchana ule ule simu yangu ikalia. Mister Colin. "Deo, mko salama? Njoo kwangu sasa hivi." Nilidhani kitasa. Nilipofika alinipeleka chumba cha nyuma, akafungua sefu, akatoa bastola, akaiweka kitandani mbele yangu pamoja na risasi zake.

"Chukua."

"Mister Colin, mimi siruhusiwi hata kuigusa."

"Sheria ikiuliza, nitajibu mimi. Miaka saba unanisikia nikisema kila mtu ana haki ya kujilinda yeye na wanawe. Leo nisipokupa, basi nilikuwa napiga domo tu." Akaisogeza karibu nami, mzee wa watu. Angefungwa kwa jambo lile, naye alilijua.

Wapo waliotuita ndugu zao miaka mingi na wiki ile hawakupokea simu zetu. Huyu alikuwa ananipa kitu anachokithamini kuliko nyumba yake. Na sitawadanganya, mkono wangu ulikwenda. Niliona jinsi Pacifique atakavyonitazama nikiingia nayo mlangoni. Niliona watoto wangu wamelala nyuma yangu. Kisha nikamwona Zacharie, amekaa kizingitini Uvira na ile yake magotini, anavuta sigara, ametulia kabisa. Nikaurudisha mkono mfukoni nikamsimulia Mister Colin habari yake yote.

Alinisikiliza amesimama. Halafu akauliza, "Kwa hiyo unataka nini?"

"Gari lako. Na chumba cha watoto."

"Vyumba vitupu ni tele humu. Na hii naibeba njiani."

"Ukiibeba mimi nakwenda kwa miguu."

Alinitukana kwa cheo cha waziri, akairudisha ndani, akafunga. Tukaenda South Beach na pikapu yake. Hakusimama kwenye robot hata moja, taa nyekundu zote za barabarani alizipita akipiga honi, yeye mtu wa kuandika malalamiko jirani akiegesha vibaya. Mama Neema na watoto walipanda na sufuria na Biblia. Pacifique hakuwepo.

Sasa sikieni. Miaka saba sikumwambia mke wangu hata mtaa mmoja niliofanyia kazi. Tulipofika Morningside, niliingia kuoga. Nilipotoka, Mama Neema alikuwa ameshalipigia kundi zima la sala kuwaambia kwamba Mungu ametenda, tuko salama, nyumba iko kona fulani, geti lina karatasi nyingi za bunduki, hamwezi kulikosa. Waimbaji wa kwaya wakawa wanajua. Nilirudi bafuni nikakaa juu ya ndoo, nikashika kichwa. Yaani siri niliyoitunza kama roho yangu iliisha kwa simu za asante. Nilipotoka tena nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Na Paci, ulimpigia?"

"Nilimpigia wa kwanza," akasema. "Si mtoto wetu?"

Alikuja siku ya pili, alasiri, na wale wenzake wawili, kila mmoja na begi mgongoni. Nilimwona akisoma zile karatasi za getini, moja moja. Nilishuka kumzuia, lakini Mister Colin alinitangulia. Alifungua geti, akawauliza wamekula lini, wakatazamana, akawapeleka jikoni kuwakaangia mayai. Wenzake walikaa. Pacifique hakukaa. Alipita ukumbini akifungua milango, nami nyuma yake, hadi chumba cha nyuma ambako wanangu walikuwa wamelala mchana wametandikiwa magodoro sakafuni, kichwa cha yule mdogo wao kimegusa sefu.

"Kumbe ni hapa," akasema.

"Ni hapa."

"Hii umefunga weye?"

"Mimi."

"Na Mama Neema anasema mzungu alikupa, ukakataa."

"Nilikataa."

Aliitazama sefu, akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa amelala tangu duka livunjwe. "Ufunguo uko na nani?"

"Na huyo anayekukaangia mayai."

Nilijua mkononi mwangu sina kitu cha kumzuia. Wao vijana watatu, mwenye nyumba mzee, mimi mgongo mbovu. Nilisema tu, "Paci, nakuomba." Alivua begi, akamsogeza yule mdogo taratibu asiamke, akaketi sakafuni akaegemeza mgongo kwenye mlango wa sefu. Nilidhani anapumzika afikirie. Alinyoosha miguu. Mdogo alijigeuza usingizini akamwekea mkono juu ya goti, na Pacifique akabaki anautazama ule mkono mdogo muda mrefu. Kichwa chake kikashuka kidogo kidogo. Akalala, mdomo wazi, anakoroma kama alivyokuwa akikoroma utotoni.

Kule jikoni redio ikatangaza kwamba kundi la watu limeonekana likipanda kutoka mjini kuja upande wetu. Nikasikia hatua za haraka ukumbini. Mister Colin akatokea mlangoni, ufunguo mkononi, uso umempauka. Aliwaona watoto. Akamwona kijana aliyeziba mlango wa sefu kwa mgongo wake, ambaye ingebidi amwamshe ili aifungue.

Nilisimama. "Nimwamshe, Mister Colin?"

Aliugeuzageuza ufunguo mkononi mpaka yai likaanza kunukia kuungua.

"Mwache," akasema. "Mwache alale." Akautia ufunguo mfuko wa shati, akarudi jikoni kwa ncha za vidole, na nikamsikia akiizima redio.